Kibao cha nje hapa Lamu: bati, mbao au plastiki? Nimechoka kubadilisha

#1 MwanaShela
Salaam aleikum. Nina nyumba ndogo ya wageni Shela, upande wa mchangani ambako kusi inapiga bila kizuizi. Hiki ni kibao cha tatu kunifia ndani ya miaka 5.

Cha kwanza kilikuwa pulaiwudi na rangi ya mafuta. Masika moja tu, kingo zikafura kama maandazi. Cha pili bati bapa la geji 32 kwenye fremu ya mbao. Hilo halikushika kutu hata, ila rangi ilibambuka vipande vipana kama gamba la nyoka, bati chini yake linang'aa jipya. Cha tatu ndicho kilichonivunja moyo: fundi mmoja wa Mombasa aliniuzia "Alucobond" akaapa miaka 10. Mwezi wa 17 ngozi ya mbele imeachana na ya ndani pembe zote nne, na parafujo zimelia machozi ya kutu mpaka kwenye chokaa ya ukuta.

Nataka bamba la futi 3 kwa 4, maandishi yasomeke kutoka kwenye mashua, nisiliguse miaka 7. Nichukue la nini? Na msiniambie bana, lile bango la turubai.

#2 Kaskazi_77
Bana.

#3 FundiLangoni
Mwanashela, hao maiti wako watatu wamekufa kwa maradhi matatu mbalimbali, usiwazike kaburi moja.

Pulaiwudi haifi usoni, hufa ubavuni. Maji huingia kwenye kingo na kwenye mashimo ya parafujo, yakishaingia hayatoki, gundi inaachia. Ungepiga kingo epoksi mikono miwili mitatu kabla ya rangi, na kila shimo ukalipaka ndani, tungekuwa tunazungumza mengine leo.

Bati limepakwa zinki, na rangi ya mafuta na zinki haviivani. Mafuta ya rangi yakikutana na zinki na unyevu hugeuka sabuni. Sabuni kwelikweli, si mfano. Basi rangi yako ilikuwa imekaa juu ya utelezi. Ndiyo maana bati ulilikuta safi, lilikuwa halina ugonjwa wowote. Lilihitaji praima ya kushika zinki, au angalau rangi ya maji ya akriliki.

Cha tatu siwezi kusema mpaka nikione. ACP ni ngozi mbili za alumini zilizogandishwa juu ya moyo wa plastiki. La vibao aghalabu ni milimita 3 na ngozi yake ni 0.21 au 0.3 tu. La kuvisha majengo ni milimita 4 na ngozi 0.5. Alucobond ni jina la mali ya kampuni moja, lakini huku pwani chochote chenye ngozi mbili kinaitwa hivyo, kwa hiyo hata hujui umenunua nini.

#4 TangaRaha
Shukrani fundi. Ila hapo kwa bati nashangaa, geji 32 si nene kuliko 28? Lingevumilia.

#5 FundiLangoni
Kinyume chake, ndugu yangu wa Tanga. Namba ikipanda bati linapungua. 32 ni jepesi kama karatasi ya vitumbua, 28 ndiyo ya kuaminika.

#6 TangaRaha
Kumbe nimeezekea jiko la mama mkwe karatasi ya vitumbua.

#7 Chumvi_Gongoni
Mimi niko Gongoni karibu na mashamba ya chumvi, kwa hiyo kuhusu chumvi naomba mnisikilize. Mnalumbana kuhusu bamba, bamba halina neno. Kinachoua kibao ni parafujo. Vibao vyote nilivyoona vimeanguka huku, bamba lilikuwa zima na kilichooza ni msumari. Soma tena #1, "parafujo zimelia machozi". Zile zilikuwa za chuma cha kawaida zilizopakwa zinki kijuujuu. Zikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, zinki inaliwa kwanza, halafu chuma kinaanza kuoza na kufura. Kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichozaa kutu, ikifura inasukuma ngozi ya ACP juu. Hapo ndipo pembe zinafunguka.

Nunua stenlesi 316, ile yenye molibdeni. Haishiki kutu maisha.

#8 NahodhaMstaafu
Chumvi, kwa parafujo nakuunga mkono, kwa "maisha" sikubali. Ndoo gatini nikuonyeshe kwa mato yako. 316 nimezifunga kwenye boti miaka mingi, nazo hupata madoa ya kahawia kama chai iliyomwagika, hasa mahali pasipooshwa. Haiozi kwa ndani upesi, lakini doa linatiririka kwenye kibao cheupe na mgeni haulizi kama ni kutu ya juu au ya ndani. Stenlesi 304, ya daraja la chini, ndiyo mbaya zaidi na ndiyo inayouzwa kwa jina la 316 madukani, maana kwa macho hazitofautiki.

Dawa ni maji matamu na kitambaa kila baada ya wiki mbili wakati wa kusi. Na baina ya stenlesi na alumini weka washa ya nailoni, kile kipete cha chini ya parafujo. Parafujo ndogo ya stenlesi kwenye bamba kubwa la alumini si hatari sana, bamba ni kubwa linagawana maumivu. Geuza, weka ribiti ya alumini kwenye bamba la stenlesi, utaona ribiti inavyoyeyuka unga mweupe. Shaba ndiyo usiisogeze kabisa karibu na alumini.

#9 Kaskazi_77
Kuosha kibao kila wiki mbili na maji matamu Shela? Ami, hayo maji ya kuogea wageni yapo?

#10 MwanaShela
Nimekwenda kukiangalia vizuri baada ya kusoma #7. Kuna jambo silielewi. Nusu ya juu ya kibao iko chini ya kipenu, mvua haiifikii wala jua la mchana. Nusu ya chini iko wazi. Nilitegemea ya wazi ndiyo iliyooza. Sivyo! Ya juu ndiyo iliyoliwa zaidi, parafujo za chini ziko afadhali. Vipi?

#11 FundiLangoni
Mvua. Mvua ndiyo inayokosha chumvi. Kilicho chini ya kipenu kinapakwa chumvi mwaka mzima na hakuna wa kukisuuza. Hata mageti ya chuma angalia, upande wa ndani wa kipenu huanza.

#12 Chumvi_Gongoni
Mvua sawa, lakini na kivuli. Chumvi ikiwa kavu haina kazi, huku tunaihifadhi kwa mirundo. Ikinyonya unyevu wa usiku ndipo inapouma. Kilicho juani kinakauka saa 2 asubuhi, cha kivulini kinabaki na jasho mpaka adhuhuri. Kwa hiyo si kuoshwa, ni kukauka.

#13 NahodhaMstaafu
Nyote hamjataja upepo. Kipenu kinakamata kusi, upepo unazunguka pale na kutua mzigo wake. Ni kama mfuko wa tanga.

#14 FundiLangoni
Nahodha, basi kwa nini geti langu, ambalo liko uchochoroni Langoni ambako hata moshi hautembei, nalo limeoza upande wa kipenu? Hakuna upepo wa kukamatwa.

#15 NahodhaMstaafu
Kwa sababu hujalipaka rangi tangu uoe.

#16 Mchapaji_Malindi
Nimechelewa, samahani. Mimi nachapa mabango Malindi na nimepita hatua zote mlizopita. Nawashangaa hamjataja PVC ya povu, wengi wanaiita foreksi. Haina chuma, chumvi haiijui, unaikata kwa kisu, bamba zima la futi 4 kwa 8 la milimita 5 unalibeba kwa mkono mmoja, kama kilo 8. Pulaiwudi ya marini, ile ya kuundia boti, ya milimita 12 saizi hiyo ni zaidi ya kilo 20. Anayevusha mzigo kutoka Mokowe kwa mashua atanielewa.

#17 BarabaraYaCasuarina
Mchapaji, nilinunua foreksi (si kwako, usijali). Miezi 8 ikawa rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na mchana inajipinda tumbo mbele. Siku ya upepo ikapasuka kwenye parafujo zote nne kama biskuti.

#18 Mchapaji_Malindi
Walikukazia parafujo. Plastiki hiyo inatanuka. Piga hesabu: bamba la mita 2.4, kuanzia baridi ya alfajiri mpaka jua la saa 8, tofauti ya digrii 30 hivi juu ya uso wake, litarefuka kama milimita 5. Alumini kwa urefu huo haifiki 2. Ukilibana pande zote liende wapi? Linatoka tumbo. Shimo linatakiwa kuwa pana kuliko parafujo, ukaze moja ya katikati tu, zingine ziwe legevu na washa pana. Kubadilika rangi sikatai. Jua la huku linaila, na ya bei rahisi inaliwa upesi zaidi. Ndiyo maana mimi huifunika stika nzima nzima, siachi plastiki wazi.

#19 BarabaraYaCasuarina
Kwa hiyo plastiki ya nje unaifunika plastiki nyingine ili isione nje. Haya.

#20 Fundi_Kioo
Kama ni plastiki, mbona si Perspex, yaani akriliki? Akriliki ndiyo plastiki inayostahimili jua kwa asili yake. Polikaboneti ni ngumu kuivunja, lakini isiyo na utando wa kuzuia mionzi inageuka manjano. Akriliki inabaki safi, ubaya wake ni kuvunjika ikipigwa jiwe. Na ina siri: andika kwa NYUMA. Paka herufi nyuma ya bamba kinyumenyume, halafu paka rangi ya chini juu yake. Uso wa mbele ni plastiki tupu, chumvi na mchanga havigusi rangi kabisa.

Tahadhari tu, kijana wangu mmoja alisahau kugeuza. Akaandika KARIBU sawasawa kabisa, tulipogeuza likasoma UBIRAK. Mteja alikwisha lipa nusu.

#21 Kaskazi_77
Ubirak Lamu. Jina zuri la mkahawa.

#22 BiMkomani
Wanangu, mwapita mlemle mjini na hamuoni. Milango ya Mkomani ina maandishi na maua yaliyochongwa tangu kabla babu zenu hawajazaliwa, haina rangi, haina stika, na yasomeka. Kwa nini? Kwa sababu yamechongwa. Rangi ikitoka herufi haitoki. Chukua ubao wa mbambakofi au mvule, mpe mchongaji, upake mafuta kila mwaka. Si bamba la kiwandani, najua, lakini swali lilikuwa la kudumu.

Na nyie wenye nyumba ndani ya mji wa kale, kabla ya kutoboa ukuta wa matumbawe kwa keekee, pitieni ofisi ya uhifadhi. Mji huu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, si kila plastiki inafaa kuning'inizwa.

#23 Mwalimu_Hidabu
Bi, shikamoo. 2001.

#24 BiMkomani
Marahaba. 2001. Mlango ni uleule.

#25 FundiLangoni
Bi Mkomani kasema kweli, lakini milango ile iko ndani ya vipenu na vichochoro, haikai uso kwa uso na bahari. Mbao ya Shela inayotazama kusi itapasuka jua hata ikiwa mvule. Nimefanya kimoja, futi 2 kwa 4, miaka 6 kiko salama, lakini mwenyewe anakipaka mafuta kama mtoto mchanga. Mwanashela keshasema hataki kukigusa.

Halafu nisahihishe kitu kabla hakijaenea. Watu wanadhani pulaiwudi ya marini imetiwa dawa. Haijatiwa. Kiwango chake, BS 1088, kinahusu gundi isiyoachia kwa maji na tabaka zisizo na mapengo ndani. Mbao yenyewe inaweza kuoza kama mbao nyingine ukiiacha inywe maji. Na mihuri ya kiwango naona mingine imegongwa juzi kwa rangi ya viatu.

#26 TangaRaha
Kama parafujo ndiyo adui, fanyeni kama wazee wa mtepe. Chombo kizima kilishonwa kwa kamba za usumba, hakuna msumari hata mmoja, na kilikwenda baharini. Shoneni kibao.

#27 Chumvi_Gongoni
Unacheka, lakini hiyo ndiyo akili kubwa katika uzi huu. Toboa bamba, pitisha kamba nene ya nailoni, funga kwenye fremu ya boriti za mkoko. Hakuna chuma kugusa alumini, bamba lina nafasi ya kutanuka, kamba ikichoka unaikata. Foreksi ya #17 isingepasuka.

#28 NahodhaMstaafu
Nailoni nayo jua huila. Kila mwaka ubadilishe. Na mtepe ulikuwa unashonwa upya mara kwa mara, wazee hawakuwa wanakaa bure.

#29 Kijana_wa_Taka
Salaam. Hamjasikia habari ya plastiki iliyosagwa upya? Dau la Flipflopi limejengwa hapahapa Lamu kwa plastiki ya taka na malapa ya ufukweni, likasafiri mpaka Zanzibar 2019. Kama linaweza kubeba watu, litashindwa kubeba jina la nyumba ya wageni? Plastiki ya aina ya madumu na vifuniko haiozi na chumvi haina habari nayo.

#30 Mchapaji_Malindi
Nimejaribu. Tatizo ni kwamba hakuna kinachoshika juu yake. Rangi inateleza, stika inaachia kona siku ya tatu, ina uso kama sufuria isiyoshika chakula. Kuna wanaopitisha moto wa gesi haraka juu ya uso ili ushike, lakini ukizidisha sekunde moja una supu.

#31 Kijana_wa_Taka
Ndiyo maana hupaki, unachonga. Bi Mkomani #22 kasema. Chonga herufi, hakuna cha kubambuka.

#32 BiMkomani
Ahsante mwanangu. Ijapokuwa nilisema mbambakofi.

#33 MwanaShela
Mnanisaidia na mnanichanganya pamoja. Swali jingine dogo: kwa nini kwenye vibao vyote vitatu nyekundu ndiyo iliyokimbia kwanza? Jina langu lilikuwa jekundu, sasa limebaki waridi, na nambari ya simu nyeusi iko imara.

#34 Mchapaji_Malindi
Nyekundu inaonekana nyekundu kwa sababu inameza bluu na kijani, na mwanga wa bluu ndio wenye nguvu ya kuvunja. Inameza sumu.

#35 FundiLangoni
Mbona manjano, ambayo nayo inameza bluu, mara nyingine inadumu? Ni chembe za rangi tu. Nyekundu kali ya kung'aa ni ya kemikali za kaboni, inavunjika. Nyekundu ya udongo, ile oksidi ya chuma ya kupaka mabati, haipauki hata uipige jua miaka 20, kwa sababu yenyewe tayari ni kutu. Andika jina lako kwa rangi ya kutu, Mwanashela, umalize ugomvi na chumvi.

#36 Fundi_Kioo
Kwenye stika ni wino na utando. Stika iliyokandamizwa kwenye rola inasinyaa na kuacha fito za gundi pembeni, iliyomiminwa inatulia zaidi na bei yake inauma. Duka likikwambia "stika ya nje" bila kusema ipi kati ya hizo mbili, umepewa ya kwanza.

#37 Kaskazi_77
Lakini bana zina matundu ya kupitisha upepo...

#38 NahodhaMstaafu
Matundu hayo hayapunguzi kitu. Umewahi kuona nahodha anapasua tanga ili lisivute? Upepo unaovunja kibao hautoki kwa tundu la kikombe. Punguza ukubwa au ongeza nguzo. Na unapovusha bamba zima kutoka Mokowe wakati wa kusi, likate nusu hukohuko bara. Yana nimeona vijana wamesimamisha ACP ya futi 8 kwenye boti, boti ikaanza kwenda Manda wenyewe wakitaka kwenda Amu.

#39 MwanaShela
Basi nimefanya hivi. Nimepata vipande vya bure: foreksi (ahsante Mchapaji), ACP ya ngozi 0.3, pulaiwudi ya marini iliyopigwa epoksi kingo, na bati la geji 28. Kila kimoja nimekipaka mraba mwekundu na mraba mweusi, nimefunga parafujo 316 ubavu mmoja na kamba ubavu wa pili, juu mpaka chini. Vyote vinatazama kusi, nusu chini ya kipenu nusu nje. Nitarudi na majibu.

#40 Chumvi_Gongoni
Mashallah. Hapo umetufunga midomo.

#41 MwanaShela
Miezi 4 imepita. Majibu mafupi: ACP iko nzima, lakini parafujo moja ya juu ina doa la chai kama Nahodha alivyosema. Za nje, zinazonyeshewa, safi. Pulaiwudi iko vizuri mno, sikutegemea. Nyekundu imeanza kupauka kwenye vyote sawasawa, hata chini ya kipenu. Foreksi hatutaijua, punda wa jirani amejikuna nayo mpaka ikakatika katikati, nusu moja bado inaning'inia kwa kamba. Bati limebambuka tena.

#42 TangaRaha
Hakuna aliyetaja punda kurasa zote hizi, na mko Lamu.

#43 NahodhaMstaafu
Doa liko chini ya kipenu tu, nje hakuna? Chumvi, Fundi, mmesoma? Mfuko wa tanga.

#44 FundiLangoni
Mvua, Nahodha. Kasema mwenyewe "zinazonyeshewa". Mwanashela, ebu kwanza hilo bati. Ulitumia praima ya kushika zinki kama nilivyosema #3?

#45 MwanaShela
Praima ipi tena?